NENO "NJOO"

Asubuhi hii tunataka kusema nanyi juu ya mbwa. Msicheke. Maandiko hayampi mbwa sifa nyingi, lakini yuko katika miji yetu mingi, na kwetu ametufunza jambo.

Mbwa wetu aitwa Simba. Aliletwa akiwa mdogo wa majuma manane. Tulipomwambia "kaa", alitutazama tu, nasi tukamwita mjinga. Kumbe kosa lilikuwa letu. "Kaa" ni kuketi, na "kaa" pia ni kutoondoka mahali. Huyu alitaka moja, yule alitaka la pili. "Ngoja" na "njoo" nayo hukaribiana katika sikio la mbwa. Tena watoto walimwamuru kwa Kiingereza cha shule, na nyanya yao kwa lugha ya nyumbani. Basi tukapatana sote juu ya maneno matatu: keti, baki, njoo.

Kuketi hakukuwa na taabu. Shika kipande cha ugali mbele ya pua yake, kisha upandishe mkono polepole juu ya kichwa chake kuelekea nyuma. Kichwa kikifuata ugali, sehemu ya nyuma hushuka yenyewe. Hapo sema "keti", umpe papo hapo. Ukichelewa hata kidogo hajui amelipwa kwa lipi. Dakika tano zatosha, naye awe hajashiba.

Ni "njoo" lililotushinda. Siku moja Simba alikula kuku wawili wa jirani. Tulipopata habari tukaita, "Simba, njoo!" Akaja mbio, mkia ukitikisika, nasi tukamchapa fimbo. Tulidhani tunamwadhibu kwa ajili ya kuku, lakini kwake habari ya kuku ilikuwa imekwisha kupita. Alichapwa kwa sababu alikuja. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba ishara ikifuatwa na chakula mara nyingi, mbwa hutokwa na mate kwa ishara peke yake. Sisi tuliifuatisha ishara na fimbo, si mara moja tu. Mwishowe akisikia "njoo" alilaza masikio na kurudi nyuma.

Ndipo alasiri moja lango likaachwa wazi. Simba akatoka kuelekea barabara kuu, na kitinda mimba wetu wa miaka sita nyuma yake. Tuliita, "Njoo! Njoo!" Kadiri tulivyoita, mbwa alizidi kukimbia, na mtoto akazidi kumfuata. Lori lilisimama hatua chache tu kutoka kwa mtoto. Dereva alitutukana, naye alikuwa na haki.

Usiku ule, watoto wamelala, mama yao akauliza, "Na huyu mkubwa wetu aliye mjini, mbona tukimwita nyumbani hukawia?" Hatukumjibu upesi. Tulijaribu kukumbuka ni lini tulimwita kijana yule bila ya kumwekea hesabu ya fedha alizopoteza au maneno juu ya masomo aliyoacha. Hatukukumbuka. Nasi tumehubiri mara nyingi juu ya yule baba katika Injili ya Luka, aliyemwona mwanawe angali mbali akamkimbilia, wala hakumwuliza habari ya mali.

Kwa Simba tulianza upya. Neno la zamani lilikuwa limeharibika, tukachukua jingine, "hapa". Tulimfunga kamba ndefu ya kama mita kumi, tukamwita kutoka hatua mbili, kisha tano, na kila alipofika alipata omena na kupapaswa. Tukitaka kumwogesha au kumfunga mnyororo, hatumwiti. Tunakwenda wenyewe kumchukua. Ilituchukua miezi mitatu. Sasa huja hata kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira, ingawa akiona mtu ameshika fimbo bado husita.

Mwisho wa mwezi uliopita kijana wetu alikuja, jioni, bila ya barua. Alisimama mlangoni na mfuko wake, akatutazama usoni. Tulikuwa na maneno mengi tayari. Mama yake akamwambia, "Ingia, baba, chai iko motoni," nasi tukasogea kwenye kiti ili apate nafasi.