NYUMBA YA CHAMA NA MAHALI PA KUSIMAMISHA MAGARI

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama, mbele ya mkutano wa wanachama, Kinyangiri. Imechapwa hapa kwa ombi la mkutano.)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya jambo lililo vinywani mwa watu wa mji wetu huu mdogo tangu mvua zilipokatika, yaani lile ombi kwamba nyumba ya chama chetu ivunjwe, na kiwanja chake kifanywe mahali pa kusimamisha magari siku za mnada. Mimi si mzee wala si mwanasheria. Ni karani, na kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine. Kusema yangu mwenyewe mbele ya wakubwa zangu si desturi yangu. Basi naomba mnistahimilie, na mahali nitakapokosea mnisahihishe.

Kwanza yatupasa tuwatendee haki walioleta ombi. Wako wanachama wanaosema kwamba ombi hili ni uadui wa wafanya biashara juu ya watumishi wa Serikali. Mimi sioni hivyo. Kila mtu aliyepita njia kuu siku ya mnada ameyaona mambo kwa macho yake: lori la vitunguu limesimama upande huu, lori la alizeti upande huu, pikipiki za bodaboda zimejaa katikati kama kuku waliomwagiwa mtama, na mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni anatafuta upenyo wa kufika zahanati. Tangu mwaka 2012, wilaya ya Mkalama ilipokatwa kutoka Iramba na makao yake yakawekwa Nduguti, safari za watu na za karatasi zimeongezeka katika pande zetu, na magari pamoja nazo. Hapana shaka magari yanahitaji mahali. Tena sisi wenyewe tu katika mashitaka haya, maana leo hii nimehesabu pikipiki nne barazani mwa chama, chini ya kibao kilichoandikwa kwamba ni marufuku kuweka pikipiki barazani. Moja ni yangu.

Basi neno si kwamba magari yasiwe na mahali. Neno ni je, mahali hapo pawe hapa, na je, kwa kupata mahali hapo ni lazima nyumba ife?

Kabla sijajibu, naomba tukumbuke jinsi nyumba za namna hii zilivyoanza katika nchi yetu, kwa sababu vijana wengi waliojiunga nasi hudhani kwamba klabu ni mahali pa kuangalia mpira na kunywa soda tu. Mwaka 1922, mjini Tanga, karani mmoja jina lake Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 na kusoma Kiungani huko Unguja, alianzisha pamoja na wenzake chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, kilichojulikana kwa herufi TTACSA. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, Waislamu kwa Wakristo, ambao kazi iliwatoa kwao na kuwatupa mji mmoja. Walisoma magazeti pamoja, wakacheza mpira, wakasaidiana. Kayamba huyo huyo ndiye aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Alianzia katika chama cha makarani, kama hiki chetu.

Kisha mwaka 1929 ikaanzishwa African Association katika Dar es Salaam, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo makarani. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 wanachama wakajenga nyumba yao katika New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, kwa michango na kwa nguvu zao. Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi kila nikilisoma hunigusa kama mtumishi wa Serikali. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa chama hicho, ambacho wakati huo kiliitwa TAA. Fikirini: karani aliyetoa senti zake apate bati la paa, sasa haruhusiwi kuwa mwanachama wa wenye nyumba hiyo. Lakini nyumba ilikuwapo. Waraka haukuweza kuivunja. Na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile, TAA ikageuka kuwa TANU.

Sisemi kwamba katika nyumba yetu hii ya Kinyangiri kutazaliwa jambo kubwa kama hilo. Kwa hali ya choo chetu ilivyo sasa, ningeona haya kumkaribisha mgeni yeyote wa historia. Nasema tu kwamba wale waliojenga New Street hawakujua watakuja kuitumia nani wala kwa kazi gani. Ingalikuwa miaka ile mtu amewashauri watoe kiwanja kwa ajili ya malori ya Kariakoo, naye angalikuwa na hoja nzuri tu, maana malori yalikuwapo na haja ilionekana. Lakini haja ya mwaka 1954 hakuna aliyeiona.

Haya, turudi kwetu. Mimi ni mtu wa hesabu, nami nimejaribu kulipima ombi hili kwa kamba na kalamu. Gari dogo likisimama hutaka mahali pa mita mbili na nusu kwa mita tano. Lakini gari halishuki kutoka mbinguni. Lataka njia ya kuingia, ya kugeuka na ya kutokea, na ukichanganya hayo yote kila gari lataka kiasi cha mita za mraba 25. Tuchukue basi uwanja wa mita 40 kwa mita 30, ambao haupishani sana na wetu. Hizo ni mita za mraba 1,200, nazo zatosha magari 48. Ndani ya uwanja huo tuweke nyumba ya mita 18 kwa mita 9, kama hii tuliyomo. Nyumba inakula mita za mraba 162. Zinabaki 1,038, na katika hizo yaweza kusimama magari 41.

Mwaona, Mabwana na Mabibi? Nyumba nzima, pamoja na kabati la vitabu na ukumbi wa watu mia, thamani yake katika hesabu ya magari ni magari saba. Tunaombwa tuvunje nyumba kwa ajili ya magari saba! Nami nawaambia ukweli kwamba walioleta ombi hawakufanya hila, hawakupima tu. Mtu akisimama njiani amebanwa na jua na msongamano, akatazama kiwanja kipana kilicho wazi, huona nyumba iliyo katikati kuwa ndiyo kizuizi.

Tena si kila kinachosimama ni gari. Siku mbili za mnada nilizokaa pale kwenye mkuyu nikitazama, niliona kwamba vyombo vingi mno ni pikipiki, na mahali pa gari moja pasimama pikipiki sita bila kugombana. Malori nayo hayataki kusimama mbali na soko hata kidogo. Yanataka kupakia na kuondoka, na mahali pake ni ukingo wa soko lenyewe, kwa saa zilizopangwa. Kwa hiyo hata tungeutoa uwanja wote pamoja na nyumba, njia kuu ingebaki imezibwa na malori yale yale. Wanaobaki ni wenye magari madogo wanaokaa tangu asubuhi mpaka jioni, na hao uwanja wetu waweza kuwachukua bila kugusa tofali moja.

Jambo hili limewasumbua watu wa nchi kubwa kabla yetu. Katika mji wa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935, waliweka mashine ya kwanza ya kulipia kusimamisha gari njiani, senti tano kwa saa moja, kwa sababu watu waliacha magari yao siku nzima mbele ya maduka na wanunuzi wakakosa mahali. Na katika siku za karibu zaidi profesa mmoja wa Marekani, Donald Shoup, aliandika kitabu kinene mwaka 2005 akionyesha kwamba mahali pa gari panapotolewa bure hapatoshi kamwe, hata paongezwe namna gani. Bali patozwe ushuru kidogo, na fedha yake irudi kutengeneza mtaa ule ule uliotozwa. Mji wa Pasadena huko California ulifanya hivyo tangu mwaka 1993 katika mtaa wake wa kale, na fedha ikatengeneza njia za waendao kwa miguu.

Kinyangiri si Pasadena, nami sitaki kuona mashine barabarani ambazo mbuzi watajikunia. Walakini maana yake yatufaa: uwanja wetu usitolewe bure, na uwanja usitolewe moja kwa moja.

Hapa naomba niwasimulie kisa. Mji mmoja niliofanyia kazi zamani, ambao sitautaja, klabu yao ilikuwa na uwanja kama huu. Waliombwa waazime nusu yake kwa miezi mitatu, wakakubali kwa maneno ya mdomo, kwa kuwa waombaji walikuwa rafiki zao. Mwezi wa nne hakuna aliyeondoka. Mwaka wa pili pakajengwa vibanda viwili vya chai, tena vya tofali. Mwaka wa tatu mwenyekiti alihamishwa, na katibu naye akahamishwa, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, na aliyekuja badala yao alipouliza mpaka uko wapi hakuna aliyejua. Faili ilikuwapo, nami ndiye niliyetumwa kuifungua. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za soda na barua moja ya pole ya msiba. Sisi tuishio kwa kuandika, tulikipoteza kiwanja kwa kutoandika.

Kwa hiyo sheria nayo tuiangalie. Kama kiwanja hiki kinahesabiwa kuwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji kama mdhamini tu, nayo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Basi asije mtu akatutisha kwa barua ya mtu mmoja, nasi tusijibu kwa barua ya mtu mmoja. Na karatasi zetu za umilikaji, Bwana Mwenyekiti, kwa heshima zote, zisikae tena ndani ya sanduku nyumbani kwa mwanachama. Zitolewe nakala tatu.

Shauri langu ni hili. Nyumba ibaki. Uwanja wa mbele ufunguliwe kwa magari madogo na pikipiki siku za mnada tu, tangu alfajiri mpaka saa kumi jioni, kwa mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja mmoja, wenye kutaja mipaka kwa mita na wenye kukataza kujenga chochote, hata kibanda cha miti. Ushuru utozwe na chama kwa stakabadhi, nusu iende kwenye paa na choo, na nusu itumike kumwaga changarawe uwanjani, ili wenye magari waone fedha yao. Jioni uwanja urudi kuwa wetu, maana kazi zetu nyingi ni za jioni.

Lakini nitakuwa mwongo nikimaliza bila kusema lililo gumu. Ombi hili lisingalithubutu kuja kama watu wangaliiona nyumba hii kuwa yao. Siku sita kati ya saba mlango una kufuli. Kijana wa bodaboda hajui mna nini ndani. Mke wa mkulima anajua tu kwamba ni mahali pa watu wenye kalamu mfukoni. Mwaka ule mwenzetu aliyetoka mbali alipofariki hapa, asiye na ndugu hata mmoja karibu, maiti yake ililala wapi usiku ule? Ililala humu. Nani waliokesha? Tulikesha sisi, na majirani wakaleta kuni na maji, nao waliingia humu kwa mara ya kwanza, na tangu siku ile hatukuwaita tena. Mimi sioni kwa nini darasa la kusoma na kuandika la jioni lisifunguliwe humu, na meza iwekwe ambapo mtu aweza kuandikiwa barua au kujaziwa fomu bila malipo mara moja kwa juma. Karani mmoja akitoa saa mbili, kwa zamu, hakuna atakayedhurika.

Barua ya kuwajibu wenye ombi nimeiandika, nayo iko mezani pamoja na mchoro wa uwanja wenye vipimo. Wenye kutaka kuisahihisha waisahihishe leo, kabla haijapelekwa. Orodha ya zamu imebandikwa nyuma ya mlango. Jina langu nimeliandika kwenye jumatano ya kwanza. Na sasa kwa ruhusa yenu naenda kuiondoa pikipiki yangu barazani.