Safari ya Likizo Nayo ni Darasa



Watumishi wengi huichukulia safari ya likizo kuwa ni kufika tu. Mtu hupanda basi Dar es Salaam alfajiri, husinzia njia nzima, huzinduka Iringa akiwa amepita karibu kilometa 500 za nchi yake pasipo kuiona. Kutembea na kutazama huachiwa wageni. Hiyo ni kasumba.

Chukueni mfano wa mtu na mkewe, wote walimu, walioamua kuigawa njia hiyo kwa siku tatu. Mume hupenda historia. Mke hupenda vikapu, hukusanya na kusuka mwenyewe. Siku ya kwanza walilala Mikumi, ambako barabara kuu hupita katikati ya hifadhi na mpita njia huweza kuwaona tembo na twiga. Kesho yake walinunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, kisha wakaupanda mlima wa Kitonga taratibu nyuma ya malori, huku wakilitazama bonde.

Walipofika Lugalo, mume alisimamisha gari penye mnara. Katika vita vya hapo, tarehe 17 Agosti, 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, Zelewski, akauawa. Mwalimu huyo alikuwa amelifundisha somo hilo miaka mingi, na mara nyingi amepapita kwa basi bila kuteremka. Siku ya tatu walikwenda Kalenga, kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Mwisho walifika sokoni Iringa, kwenye vikapu vya milulu. Mke alimwamkia mama msusi, akaketi, akauliza jinsi milulu inavyokatwa, inavyokaushwa na kutiwa rangi. Bei ilipotajwa, mume akataka ipunguzwe nusu. Mkewe akamwuliza kwa upole kama yeye angekubali kulipwa nusu ya mshahara. Mume akacheka, akalipa.

Kupatana bei ni desturi njema. Kuunyonya mkono wa msusi ni jambo jingine. Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na kikapu kina kazi nyingi ya kufanya. Lakini sheria haisuki kikapu. Msusi akikosa mnunuzi mwenye kuithamini kazi yake, binti yake hatajifunza, na ufundi huo utakufa pamoja naye.

Si kila mtumishi ana gari, wala si lazima. Hata msafiri wa basi aweza kuikata safari, akalala usiku mmoja njiani, akauliza na kujionea. Mwalimu wa namna hiyo hurudi darasani na kikapu mkononi, na somo la Lugalo analolifahamu kwa macho yake mwenyewe.