Saa, Kiti na Shilingi: Kupima Huduma ya Basi la Shule

(Hotuba kwa mikutano ya wazazi na walimu)



Mzazi akiulizwa kama basi la shule ya mwanawe ni zuri, mara nyingi hujibu kwa neno moja: linafika. Jibu hilo halitoshi. Huduma hiyo hupimwa kwa saa, kwa usalama na kwa gharama, na vipimo hivyo husomwa pamoja, kwa sababu kimoja kinaweza kupendeza kwa kuumiza kingine.

Kwanza, saa. Chukua mfano wa mwezi wenye siku 20 za masomo. Siku 18 basi linawahi kwa dakika 5. Siku 2 linachelewa kwa dakika 45. Ukipiga wastani utapata sufuri, yaani basi halichelewi! Waliokosa mwanzo wa mtihani siku hizo mbili hawatakubali. Kwa hiyo zihesabiwe siku za kuchelewa, wala si wastani. Saa iandikwe pia kwenye steji, si langoni mwa shule pekee, kwani kuna mtoto anayesubiri gizani alfajiri.

Si kila ucheleweshaji ni wa dereva. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti barabara za kaunti, ingawa shule za msingi na za upili zilibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Daftari likionyesha kwamba basi hukwama mahali pamoja kila mvua inyeshapo, huo ni ushahidi ambao kaunti haiwezi kuukwepa.

Usalama ndio mgumu zaidi. Wengi hungoja ajali ndipo waanze kuhesabu, ilhali basi bovu linaweza kwenda miaka kwa bahati tu. Yahesabiwe ya kila siku: watoto wangapi kwa viti vingapi, mikanda mingapi inafunga, cheti cha ukaguzi kinaisha lini, nani anawavusha watoto barabara. Rangi ya manjano, iliyoagizwa katika marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2016, hulitambulisha basi kutoka mbali, haikazi breki.

Hata mwendo hupimwa kwa saa ya mkononi. Basi likimaliza kilomita 16 kwa dakika 12, na njiani limesimama steji nne, lazima mahali fulani limepita kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mabasi. Liliwahi, ndiyo. Liliwahi vipi?

Gharama nayo ina mtego wake. Tuseme basi la viti 33 linatumia Sh396,000 kwa muhula: mafuta, mishahara, bima na matengenezo. Likijaa kihalali, kila mtoto ni Sh12,000. Likibeba watoto 24, ada inapanda hadi Sh16,500, na wazazi wanalalamika. Likibeba 44, inashuka hadi Sh9,000, na wazazi wanashukuru. Nafuu hiyo ya Sh3,000 imelipwa na watoto 11 wasio na viti.

Kwa hiyo daftari liwe moja, na kila safari ipewe mstari wake: saa ya kuondoka na kufika, idadi ya watoto, lita za mafuta, na tatizo lolote la njiani. Utingo anaweza kuliandika kwa dakika mbili. Likae ofisini kwa mwalimu mkuu, na mzazi yeyote aruhusiwe kulifungua kabla ya kulipa ada ya muhula unaofuata.