Mvuto wa Neva na Maumivu ya Kano ya Kisigino: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Mwambao wa Ziwa

Ndugu zangu mnaohudumu katika hospitali, vituo vya afya na zahanati za mwambao huu wa Ziwa Viktoria,

Mada niliyopewa dhamana ya kuiwasilisha inahusu maradhi yasiyoua, na kwa sababu hiyo aghalabu hayapewi uzito wake. Walakini kwa mvuvi asiyeweza tena kuusukuma mtumbwi majini, na kwa mama muuza dagaa ambaye kila jioni hana budi kuupanda mlima wa Igogo au wa Mabatini kwa ngazi za mawe, maumivu ya nyuma ya kisigino ni msiba wa riziki. Rai yangu ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hao maumivu hayatoki katika kano peke yake, bali yana asili yake, au sehemu ya asili yake, katika mishipa ya fahamu, yaani neva, zinazoshuka kutoka mgongoni mpaka unyayoni, nazo zimepoteza uwezo wa kuteleza na kunyooka kama ipasavyo. Na kwamba tabibu asiyezichunguza neva hizo aweza kuitibu kano mwaka mzima, na mgonjwa akarudi na malalamiko yaleyale.

Kano ya kisigino, ambayo matabibu huiita kano ya Akilesi, ni nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili wa binadamu. Urefu wake hukaribia sentimita 15, nayo hutokana na misuli miwili ya shavu la mguu: ule wa juu wenye vichwa viwili, ambao huanzia juu ya goti, na ule bapa ulio chini yake, ambao huanzia chini ya goti. Mtu akimbiapo, mzigo unaopita katika kano hiyo hufikia mara kadhaa ya uzito wa mwili wake mzima, kwa hiyo si ajabu kwamba huchakaa, huvimba na kuuma.

Lakini na tuangalie majirani wa kano hiyo. Neva kuu ya mguu hutoka katika pingili za chini za uti wa mgongo, hupita ndani ya tako, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika. Tawi lake kubwa, neva ya tibia, huzama chini ya upinde wa ule msuli bapa, hushuka katika kina cha shavu la mguu, kisha hupita nyuma ya kifundo cha ndani kuelekea unyayoni. Tawi jingine, jembamba, liitwalo neva ya surali, huteremka karibu na ngozi, na kiasi cha sentimita 10 juu ya mfupa wa kisigino huukata ukingo wa nje wa kano yenyewe. Hisia za kano huletwa hasa na hiyo neva ya surali pamoja na vijitawi vya neva ya tibia. Basi chochote kinachozisumbua neva hizi huko juu chaweza kujidhihirisha huku chini.

Kila tuinamapo tukiwa tumenyoosha magoti, njia ya neva hurefuka, nayo hulazimika kuteleza ndani ya ala yake kama jarari ipitavyo katika kapi la mlingoti. Kamba ikinasa juu, tanga halipandi, na baharia mwenye akili hatafuti kasoro katika kitambaa cha tanga. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Uswidi, Lundborg na Rydevik, waliivuta neva ya tibia ya sungura huku wakiitazama damu ndani yake kwa hadubini, wakaona kwamba ilipozidi urefu wake wa asili kwa asilimia 8 hivi, damu irudiyo moyoni ilianza kuzorota, na ilipofikia asilimia 15 hivi mzunguko ulikoma kabisa. Mwaka huohuo Upton na McComas, waliokuwa Kanada, walitoa hoja katika jarida la The Lancet kwamba neva iliyobanwa mahali pamoja huwa nyepesi kudhurika mahali pengine katika njia yake. Hoja hiyo imejadiliwa sana tangu siku ile, lakini kwa mtu anayeshughulika na miguu ya wafanyakazi ni hoja ya kuwekwa akilini daima.

Sasa yawezekanaje mvuto wa neva ukazaa maumivu ya kano? Njia iliyo dhahiri ni ile ya maumivu yanayosafiri: neva iliyokereka mgongoni, katika tako au nyuma ya goti hutoa habari za uchungu, na ubongo huzihesabu kuwa zimetoka kisiginoni. Njia ya pili ni kwamba neva iliyokwisha kuwa nyepesi hulalamika kwa mvuto mdogo ambao neva nzima haiujali, hata hatua ya kawaida ya kupanda kilima, ambayo kwa kano ni mzigo unaohimilika, ikawa adhabu. Njia ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye mazingatio makubwa zaidi, ni kwamba neva hazipeleki habari ubongoni tu, bali ncha zake humwaga kemikali katika nyama zinazohudumiwa nazo, zikapanua mishipa ya damu na kuchochea uvimbe. Kano yenye afya ina neva chache sana ndani yake. Ile iliyougua huota vijishipa vipya vya damu, na pamoja navyo neva changa, vikiingia kutoka kwenye mafuta yaliyo mbele ya kano. Katika majaribio yaliyofanywa Umeå, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2011, sungura waliofanyizwa kazi kwa mguu mmoja walionekana kuwa na mabadiliko ya kano hata katika mguu ule uliopumzika, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa uchakavu peke yake, nao watafiti wakaona kuwa mfumo wa neva una sehemu yake katika habari hiyo.

Tukirudi nyumbani, naomba tuzitazame kazi za mwambao huu kwa jicho la neva. Katika Mwaloni Kirumba, na Igombe, na katika visiwa vya Ukerewe na Ukara, dagaa huanikwa juani, na palipo na desturi ya kuwaanika chini, juu ya mchanga, majabali au nyavu, mwanamke mwenye kazi hiyo huinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, mgongo umepinda, kichwa kimeinamia kazi, akageuza na kukusanya kwa muda mrefu. Mkao huo, enyi wenzangu, ni ule ule tunaomweka mgonjwa tunapotaka kuinyoosha neva ya mguu kadiri iwezekanavyo! Akisimama juu ya jabali lenye mteremko, vidole vikiwa juu kuliko visigino, mvuto huzidi. Naye mvuvi wa dagaa, atokaye usiku wa giza la mwezi na taa zake, hukaa juu ya ubao mwembamba ukimbana nyuma ya mapaja, mgongo umejikunja, akivuta wavu; na alfajiri, kabla neva hizo hazijapata nafasi ya kupumua, huruka majini kuukokota mtumbwi mchangani, akikita vidole na kuinua visigino kwa nguvu zake zote. Kano imetumika sana, hakika, lakini imetumika katika mguu ambao neva yake imebanwa na kuvutwa usiku kucha. Mtu kama huyu akija kwetu tukamwambia tu kwamba kano yake imechoka, tumemwambia nusu ya kweli.

Hata maneno ya mgonjwa hutupa dalili. Mwenye ugonjwa wa kano peke yake huonyesha mahali kwa kidole kimoja, na husema kwamba kisigino hukaza asubuhi, kikalegea akishatembea. Anapotaja mchonyoto, moto, ganzi ya ukingo wa nje wa wayo, au maumivu yanayozidi akiwa ameketi, au anapotaja mgongo uliomsumbua kabla ya kisigino, basi tuinue macho kutoka kwenye kano.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine, nao waweza kufanyika katika zahanati ya kisiwani palipo na benchi moja. Jaribio la kuinua mguu ulionyooka, lijulikanalo kwa jina la Lasègue wa Ufaransa na kuelezwa na mwanafunzi wake Forst mwaka 1881, sote twalifahamu kwa wagonjwa wa mgongo. Kwa kisigino twaliongezea jambo moja. Mgonjwa alale chali. Upandishe wayo wake kuelekea muundi, ukiugeuza kidogo kwa ndani ikiwa washuku neva ya surali, au kwa nje ikiwa washuku ile ya tibia, mpaka yatokee maumivu yake aliyoyazoea. Kisha, bila ya kuulegeza wayo hata kidogo, uinue mguu mzima goti likiwa limenyooka. Misuli ya shavu la mguu haivuki nyonga. Kwa hiyo kuinuka kwa paja hakuivuti kano, bali huivuta neva. Maumivu ya kisigino yakizidi kwa tendo hilo, neva imejitaja yenyewe.

Jaribio la pili, alilolieneza Geoffrey Maitland wa Australia, nalipenda zaidi kwa ubayana wake. Mgonjwa aketi ukingoni mwa benchi, mikono nyuma, mgongo aulegeze ukunjike, kidevu akishushe kifuani, anyooshe goti na kuupandisha wayo mpaka maumivu ya kisigino yaonekane. Hapo mwambie ainue kichwa tu, asibadilishe kitu kingine chochote. Shingo na kano ya kisigino haziunganishwi na msuli wowote. Kinachoziunganisha ni neva na ngozi zake ndani ya uti wa mgongo. Basi maumivu yakipungua kichwa kinapoinuka, si haki kusema kwamba yote ni ya kano. Lakini tahadhari: hata mtu mzima wa afya huhisi mvuto nyuma ya paja na goti katika mkao huo. Jaribio huwa na maana pale tu linapoamsha maumivu yaleyale yaliyomleta mgonjwa, na yakabadilika kwa kusogeza kiungo cha mbali, na mguu wa pili usifanye vivyo.

Kabla ya tiba, yako mambo ambayo mahali petu hatuwezi kuyapita. Pimeni nguvu za kusimama kwa vidole vya mguu mmoja na mshtuko wa kano kwa nyundo, maana mzizi wa neva ukibanwa mgongoni vyote viwili hupungua. Papaseni neva ya tibia nyuma ya kifundo cha ndani, kwa sababu ukoma huinenepesha. Mgonjwa anayeishi kwa maji ya Ziwa, akaja na maumivu ya mgongo, miguu inayodhoofika upesi na mkojo uliozuilika, huyo si mgonjwa wa mazoezi: kichocho cha tumbo, kilichoenea sana mwambao huu, huweza kutupa mayai yake katika uti wa mgongo, naye apelekwe hospitali ya Bugando bila ya kuchelewa. Miguu iliyokakamaa ghafla yote miwili baada ya kula mihogo michungu isiyoandaliwa vema, kama ilivyotokea Tarime mwaka 1985 kulipokuwa na ukame, ni konzo, ambayo hudhuru njia za neva zitokazo ubongoni. Tena ulizeni habari za dawa, kwani antibiotiki iitwayo sipro na jamii yake zaweza kuidhuru kano hata kuikata, na Marekani iliamuru onyo kali juu ya jambo hilo mwaka 2008. Aliyesikia mlio nyuma ya kisigino mfano wa kupigwa, na wayo wake haushuki ukiminya shavu la mguu, kano yake imekatika.

Ama tiba, ushahidi wenye nguvu zaidi bado uko upande wa mazoezi ya kano yenyewe. Håkan Alfredson na wenzake wa Umeå walichapisha mwaka 1998 utaratibu wa kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, duru 3 za mara 15, goti likinyooka na tena likikunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Nao wakimbiaji 15 walioufuata walirudi kukimbia. Siwashauri kuuacha. Nasema tu kwamba kushusha kisigino goti likiwa limenyooka huivuta neva pia, na mgonjwa ambaye neva yake ni nyepesi huenda akaona moto badala ya nafuu. Kwake huyo tuanze na goti lililokunjwa, tupunguze kina cha kushuka, na tumkataze lile zoezi lipendwalo sana la kuegemea ukuta na kuuvuta mguu nyuma kwa dakika nyingi.

Kisha tuifundishe neva kuteleza bila ya kuivuta. David Butler na Michael Shacklock, ambao maandishi yao ya miaka ya 1990 yameongoza wengi katika fani hii, wametofautisha mambo hayo mawili. Mgonjwa aketi, anaponyoosha goti na kupandisha wayo, ainue kichwa, anapokunja goti, ainamishe kichwa, hivyo neva husogea upande mmoja ilhali upande wa pili imelegezwa. Afanye mara 10 hadi 15, taratibu, mara chache kwa siku, pasipo kuamsha maumivu. Ganzi ikizidi au usiku ukawa mbaya kuliko mchana, apunguze.

Na kazi nayo ibadilike, vinginevyo tutakuwa tunachota maji kwa pakacha. Vichanja vya kuanikia dagaa, ambavyo maafisa uvuvi wamevihimiza muda mrefu kwa ajili ya usafi wa samaki, vikiinuliwa mpaka usawa wa kiuno huuokoa mgongo na neva ya mwanamke aliyekuwa akiinama. Hii ni hoja ya afya ambayo sijaisikia ikitajwa pamoja na ile ya usafi, nami naomba itajwe katika kila mwalo. Mvuvi naye na aweke gunia lililokunjwa juu ya ubao, na anyooshe miguu kwa zamu kabla ya kushuka majini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako naomba sasa tugawanyike wawili wawili, mabenchi yasogezwe ukutani, na kila mmoja amfanyie mwenzake jaribio la kuketi kwa miguu yote miwili, huku akiandika penye mvuto na kinachobadilika kichwa kinapoinuka. Nitapita kwa kila jozi kuangalia namna mikono inavyoushika wayo.