Risala ya Mama Mwenyekiti: Mthamini wa Kweli Tulimjua kwa Gharama



 Tulianza mwaka 2015, akina mama kumi na wanane, sanduku moja la bati na kufuli tatu. Habari za hisa, mikopo na faida Mama Katibu ameziandika mwanzo wa kitabu hiki, na yeye ana hesabu nzuri kuliko sisi. Hapa tuseme jambo moja tu, la mthamini, maana lilituumiza.

Mnakumbuka Nyashimo yetu ilikuwa ndani ya wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Simiyu na wilaya ya Busega, na makao makuu ya wilaya yakawa hapa kwetu. Viwanja vikapanda bei, vile vya kando ya barabara ya Mwanza na Musoma ndiyo usiseme. Nyumba tuliyozoea kuiona ni ya kulala watoto, sasa inaitwa dhamana.

Basi mwenzetu mmoja alitaka mkopo wa benki anunue mashine ya kukoboa mpunga. Hati anayo, mumewe ameridhia na kutia sahihi. Benki wakataka ripoti ya mthamini. Akaja kijana mmoja, shati limepigwa pasi, utepe wa kupimia mkononi, na Kiingereza kingi. Sisi viongozi wenyewe ndio tulimpeleka kwa huyo mwenzetu. Hilo hatulifichi. Akazunguka nyumba kama robo saa hivi, akaandika milioni kumi na nane, akagonga muhuri. Alidai laki mbili, na laki mbili hiyo ilitoka kwenye sanduku letu kama mkopo.

Tulishangilia jamani! Kufika benki, karatasi ikarudishwa. Wakasema huyo mtu hayumo kwenye daftari la wathamini. Kupiga simu, haipatikani. Msimu wa mpunga ukapita, na yule mama akabaki analipa deni la karatasi isiyofaa hata kuwashia moto.

Mara ya pili alikuja mthamini aliyetambulika na benki, naye ni mama kama sisi. Alishinda pale karibu siku nzima. Akaomba hati kwanza kabla hajagusa ukuta. Akapima chumba kwa chumba, akapanda kuangalia mbao za paa, akaangalia nyufa za msingi, akapiga picha, akauliza viwanja vya jirani vimeuzwa shilingi ngapi siku za karibuni. Akaandika milioni kumi na moja. Mwenzetu alilia. Sisi nasi tulinuna, tukaona tumedhulumiwa milioni saba. Akatujibu taratibu kwamba akiandika kumi na nane ili atufurahishe, siku deni likishindikana nyumba itauzwa kwa bei yake halisi, na mama atakuwa amepoteza nyumba na deni bado linamngoja.

Hapo tukamkalisha tukamuuliza, mtu anakuwaje mthamini? Sisi wengi wetu ni wa darasa la saba, tulidhani ni kujua kupima tu, kama fundi. Kumbe safari ni ndefu. Mtoto lazima afaulu kidato cha nne na cha sita, na hisabati asiikimbie. Halafu asomee shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini, kama ile ya Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Wapo wanaoanzia chini, kwenye cheti na stashahada katika Chuo cha Ardhi Tabora, ndipo wapande. Akishamaliza chuo bado hajawa mthamini kamili. Anafanya kazi chini ya mkono wa mthamini aliyesajiliwa, anapimwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, ndipo anaandikwa kwenye daftari.

Mambo ya usajili yamo katika Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Namba 7 ya mwaka 2016. Asiyesajiliwa akijiita mthamini na kutoza watu fedha, anavunja sheria. Na dalali ni dalali. Yeye anatafuta mnunuzi na kula asilimia yake, kwa hiyo bei ikipanda naye anashiba. Msimchanganye na mthamini.

Tena si mambo ya benki tu. Barabara au mradi ukipita shambani kwako, fidia inatokana na ripoti ya mthamini, na ripoti hiyo lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Siku wanapohesabu miembe na nyumba yako, uwepo mwenyewe, usimtume mtoto.

Tangu hapo sisi viongozi hatumpeleki mtaalamu yeyote kwa mwanachama kabla ya kuona cheti chake cha usajili na kuuliza Bodi kama jina lake limo. Ile laki mbili tuliijadili vikao vitatu, kwa kelele, mwisho viongozi watano tuliilipa kutoka kwenye hisa zetu. Mashine ya mpunga ipo, ni ndogo kuliko ile aliyoiota, lakini inakoboa. Na binti wa mwanachama mwenzetu yuko kidato cha sita, anataka kusomea uthamini. Mkutano umekubali mfuko wa elimu umpe nauli na fedha za kuanzia akichaguliwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Orodha ya wathamini waliosajiliwa ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za kata zote, kwa maandishi makubwa, maana wengine miwani hatuna.