Shida Haingoji Jumatatu: Hotuba Kuhusu Ofisi ya Ustawi wa Jamii Hospitalini



 Sitawaweka sana. Nina jambo moja tu leo.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alifariki siku ya Ijumaa baada ya Magharibi, katika hospitali moja ya umma hapa Pwani. Sote mwajua ada yetu: maiti haikawizwi. Kaburi lilichimbwa usiku ule ule. Lakini kulikuwa na bili ya shilingi elfu sitini na kitu, na watoto wake walikuwa na elfu ishirini za mchango. Wakaomba msamaha, ile weva. Keshia akawaambia, "Mimi kazi yangu ni kupokea pesa. Anayeweza kuwasikiza ni afisa wa ustawi wa jamii, na yeye yuaja Jumatatu saa mbili."

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Jumatatu afisa alikuja, akawasikiza dakika ishirini, akaona hali yao, akapendekeza wapunguziwe, na karatasi ikatiwa sahihi. Mzee akazikwa baada ya Alasiri. Na sasa sikizeni hapa: kwenye ile bili walikuwa wameongezwa ada ya mochari ya Jumamosi na Jumapili! Yaani ofisi ya kusaidia maskini ilikuwa imefungwa wikendi, lakini mashine ya kuhesabu deni haikufungwa.

Ndugu zangu, simlaumu yule afisa. Alifanya kazi yake vizuri. Nauliza tu: kazi ya dakika ishirini kwa nini ichukue siku tatu?

Huenda mtu akasema hili ni jambo la Waislamu na mazishi yao ya haraka. Hapana. Tazameni nani hufika hospitali jioni na wikendi. Kuna mama aliyejifungua na kuruhusiwa Jumamosi, lakini hana pa kwenda kwa sababu mume amemfukuza. Kuna mzee aliyeokotwa barabarani hajui jina lake, na lazima mtu atafute jamaa zake. Kuna mtoto aliyeletwa na majeraha ambayo si ya kuanguka. Kuna msichana aliyebakwa. Dawa za kumkinga na virusi vya HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema ndiyo bora. Hebu piga hesabu: kutoka Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 63. Dawa atapewa na daktari au muuguzi, sawa. Lakini ni nani atakayekaa naye, amtafutie mahali salama pa kulala, amweleze kuhusu polisi na fomu ya P3? Huyo ndiye hayuko.

Sasa sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na yaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasiojiweza. Kifungu cha 28 ni heshima ya binadamu. Kifungu cha 47 chasema uamuzi wa kiofisi uwe wa haraka na wa haki. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa Jumamosi na Jumapili". Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Pumwani kwa sababu ya bili, kwamba kumfungia mgonjwa kwa deni ni kuvunja haki zake. Sasa mgonjwa anayelala siku mbili zaidi kwa kungoja sahihi, tumwiteje?

Wasimamizi hutuambia hospitali nayo yahitaji pesa, na kuna watu wenye uwezo wanaojifanya maskini. Ni kweli, wako. Lakini ni nani anayejua kumtenga mwongo na mhitaji? Si ni huyo huyo afisa? Asipokuwepo, mhitaji huumia, na mjanja hupiga simu kwa mkubwa akatoka usiku huo huo.

Basi tunaomba mambo manne, na yote yawezekana.

Kwanza, maafisa wafanye kwa zamu kama wauguzi: awepo mmoja hadi saa nne usiku, na mmoja Jumamosi na Jumapili. Usiku wa manane awepo wa kupigiwa simu. Na waajiriwe wengine. Tusiwabebeshe wawili waliopo. Nao wana watoto nyumbani.

Pili, msimamizi wa zamu apewe ruhusa ya kuachilia mgonjwa au maiti kwa hati ya ahadi, deni lizungumzwe Jumatatu.

Tatu, siku ambazo ofisi imefungwa, kitanda na mochari zisihesabiwe kwa anayengoja uamuzi.

Nne, nambari ya simu ya afisa wa zamu ibandikwe langoni, kwa maandishi makubwa.

Haya hayaji kwa dua peke yake. Hospitali nyingi tunazotumia ziko chini ya kaunti, na pesa za kaunti zina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya Septemba 1. Makadirio ya bajeti hupelekwa kabla ya Aprili 30. Kukiitwa kikao cha maoni ya wananchi, sisi huwa wapi? Twende, tuseme, na tuandike. Neno lisiloandikwa husahaulika kabla chai haijapoa. MCA wako muulize swali moja tu: mshahara wa maafisa wa zamu uko ukurasa gani wa bajeti?

Na kama yamekukuta, andika tarehe, saa, na ulichoambiwa, utuletee. Jina lako tutalihifadhi.

Yule mzee tumeshamzika, Mungu amrehemu. Wanawe hawataki pesa za mtu. Wataka tu mwengine asiwekwe kama walivyowekwa wao.