Kuume na Kushoto



Tumtazame kipepeo: bawa la kuume lalingana na la kushoto kwa madoa na kwa rangi, na akiyakunja hukutana sawasawa. Sisi nasi tumepewa macho mawili, masikio mawili, mikono miwili, upande huu ukifanana na ule kama sura katika kioo. Twamshukuru Muumba.

Lakini tumpasuapo mbuzi twaona nini? Tumbo lake kubwa limelala kushoto, na ini liko kuume. Ndani ya mwanadamu ni vivyo hivyo: moyo huelekea kushoto, ini hukaa kuume, pafu la kuume lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Basi hakuna hata mmoja wetu aliyelingana pande zote.

Mbona basi akizaliwa mtoto mwenye wayo uliopinda, wengine hunong'ona kwamba ni uchawi au laana? Katika Injili ya Yoane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yezu kama mtu yule alizaliwa kipofu kwa dhambi yake au ya wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili.

Wazazi, tunawasihi msimfiche mtoto huyo. Mpelekeni hospitali katika majuma yake ya kwanza. Mara nyingi waganga huunyosha wayo kidogo kidogo kwa plasta, wakiibadili kila juma. Tena mleteni abatizwe kama wenzake.

Swali: Je, umbo la mwili hupunguza thamani ya mtu mbele ya Mungu?

Jibu: Hapana, halipunguzi hata kidogo.